Skolashipu Tuliyoificha

Kwetu Pemba jambo la kheri halisemwi mpaka liwe. Mimba haitajwi mpaka ijitaje yenyewe. Posa hunong'onwa mpaka siku ya kupokea mahari. Mtu akisafiri, majirani hujua ameondoka siku ya tatu, wanapoona nguo zake hazianikwi. Sisemi kwamba ni vibaya. Nasema ndivyo tulivyo, na anayetaka kuyaelewa yaliyonipata aanzie hapo, kabla hajaanza kunihukumu mimi au mama yangu.

Nilimaliza kidato cha sita kwa matokeo ambayo mwalimu wangu wa baiolojia aliyasoma mara mbili kwenye simu yake, kisha akatafuta kiti. Alikuwa mwanamke wa bara, Mkristo, aliyeletwa kufundisha skuli yetu upande wa Kengeja, akiishi peke yake kwenye nyumba ya walimu. Yule hakuwa na siri hata ya chumvi. Mgongo ukimuuma, skuli nzima inajua. Akigombana na dada yake kwa simu, tunasikia pande zote mbili za ugomvi. Sie tulimcheka, na tukimpenda sana.

Ndiye aliyeiona skolashipu. Mfuko mmoja wa watu binafsi ulikuwa unasomesha udaktari watoto wa kike wa vijijini, ada na malazi, miaka yote mitano. Mimi udaktari nilikuwa nautaka tangu baba yangu alipokufa, nikiwa darasa la nne, kwa ugonjwa ambao mpaka leo hapana aliyetwambia ni ugonjwa gani. Na njia nyingine ya kuufikia sikuwa nayo. Habari ya mkopo mama aliikataa katakata. Kwake yeye mkopo una riba, na riba ni moto. Basi ilikuwa skolashipu ile au jembe. Nilikuwa na miaka kumi na tisa na jembe nilikuwa nalijua vizuri.

Mama alikubali niombe kwa sharti moja. "Asijue mtu," alisema. "Si jirani, si shangazi yako wa Wambaa, si huyo shoga yako unayekwenda naye kisimani. Jicho la mtu halina pazia. Jambo likishakuwa, watajua wenyewe."

"Na sheha, mama? Wanataka barua ya sheha."

"Sheha tutamwambia unataka kitambulisho."

Na kweli, alikwenda mwenyewe kwa sheha, msimamizi wa serikali hapo kijijini, akamwambia hivyo, na sheha akaandika barua yenye majina yangu yote matatu, jina la baba na neno marehemu mbele yake, na namba ya nyumba yetu. Mimi nilisimama nyuma ya mama nikitazama chini. Nilijisikia kama mwizi, na kitu chenyewe nilichokuwa naiba kilikuwa changu.

Fomu tuliijaza nyumbani kwa mwalimu, tukipanda kilimani nyuma ya skuli kila mtandao ulipokata. Kulikuwa na insha: eleza kwa nini wewe ndiye unayestahili. Nikaandika kwamba wapo wengi wanaostahili kuliko mimi, na kwamba mimi ni mja tu, yote namwachia Mungu. Mwalimu aliisoma akashika kichwa.

"Wewe binti, unaomba au unajiuzulu?"

"Sasa nijisifu, madamu?"

"Ndiyo! Jisifu! Kwani watajuaje?"

Tuliandika upya, yeye akitamka kwa sauti ile yake, mimi nikichungulia dirishani nisije nikasikika nikisifiwa. Pale palipotaka watu wanaonifahamu mama alikataa jina lolote la kijijini. Nikaandika la mwalimu peke yake, na namba yake ya simu. Chini kabisa kulikuwa na mstari unaosema taarifa za mwombaji zitahakikiwa. Sikuupa uzito. Nilidhani watatazama zile karatasi, waone muhuri wa sheha, basi.

Baada ya hapo ikaja masika, na mwalimu akapata likizo akaenda kwao bara kumuuguza mama yake. Huko kwao simu ilikuwa haipatikani. Nilimpigia mara nyingi nikachoka kusikia yule bibi wa kwenye simu akinijibu. Mwalimu ndiye mtu pekee katika dunia hii ambaye angeulizwa habari zangu angesema namjua, na angesema mpaka mwulizaji aombe kuondoka.

Mtu mmoja aliingia kijijini kwetu siku ya Jumatatu, akishuka kwenye gari ya shamba iliyotoka Mkoani. Sikumwona mimi. Walimwona wengine, na hivi ndivyo nilivyokuja kuyaunganisha mambo baadaye. Mwanamume mrefu, shati la kijivu, viatu vya mjini vilivyokwisha kulowa, na kwapani faili la buluu ndani ya mfuko wa nailoni. Alikwenda dukani, akasalimu vizuri, akataja jina langu. Majina yote matatu. Akauliza: mnamjua? Anakaa wapi? Baba yake yu hai? Nyumba yao ya bati au ya makuti? Kisha, na hapo ndipo alipojimaliza, akauliza: wana mikarafuu mingapi?

Mtu wa kwengine hataelewa kwa nini duka lile lilinyamaza. Hapa kwetu anayekuja na faili akakuulizia mikarafuu hakuletei kheri. Karafuu ina mnunuzi wake mmoja, serikali, na magendo ya karafuu yamewahi kuwaondoa watu majumbani mwao wakiwa na kanga na ndala. Tena yapo na mengine, ya miaka ya misukosuko, ambayo wakubwa wetu hawatusimulii ila kwa kushusha sauti, wakati majina yalipokuwa yanasomwa kwenye karatasi. Sie tumekulia katika somo moja ambalo halipo skuli: mgeni akikutajia jina kamili la mtu, wewe humjui. Humfikirii kwanza. Humjui tu.

"Hatumjui," mwenye duka alisema. Mwenye duka huyo aliniona nikizaliwa. Mkewe ndiye aliyenishika mkono siku ya kwanza ya skuli.

"Labda pale msikitini watamjua," yule mtu alisema, akaenda. Aliwangoja watu watoke kusali adhuhuri, akawauliza mmoja mmoja. Hapana. Hatumjui. Jina hilo si la huku, jaribu Kengeja kwenyewe. Aliulizia nyumba ya sheha. Sheha alikuwa kwenye mazishi mbali. Aliuliza kwenye skuli, na skuli ilikuwa imefungwa. Alasiri ilipofika watoto walikuwa wamekwisha kuitwa ndani bila ya mtu kutoa amri, na njia kuu ya kijiji ilikuwa tupu.

Mke wa mwenye duka alitufikia kwa nyuma, kupitia migombani. Mama alikuwa amekaa kwenye mbuzi akikuna nazi.

"Shoga," alisema, bila ya salamu, "kuna mtu anamtafuta mwanao."

Mkono wa mama ulisimama. "Mtu gani?"

"Wa mjini. Ana faili. Anamtaja jina lote. Anauliza na mikarafuu."

"Lahaula!" Mama aliniangalia. Sijawahi kuangaliwa vile, si kabla si baada. "Umefanya nini wewe?"

"Sijafanya kitu, mama."

"Umeandika nini huko kwenye mitandao?"

Sasa nitasema jambo ambalo kwa miaka nimelikwepa. Lilinipitia. Wallahi lilinipitia. Nikiwa nimesimama pale uani, na harufu ya nazi mbichi, niliwaza: je, ikiwa ni watu wa skolashipu? Lakini mbele ya mke wa mwenye duka sikuweza kuitaja skolashipu, ilikuwa siri. Na alipoondoka nilikwisha kujiambia kwamba watu wa skolashipu hutuma barua pepe, hawaji kutembea kwenye matope kuuliza mikarafuu. Hofu ya mama ilikuwa imeniingia. 

 Asubuhi yake mama alinivisha baibui lake la zamani akaniambia nikae jiko la uani, nyuma ya ua wa makuti, nisitoke hata nikisikia nini.

Yule mtu alikuja saa nne. Nilizisikia hatua zake kwenye matope, zikisimama, zikija, zikisimama. Anasoma namba za nyumba, nilijua hivyo mara moja, maana zimeandikwa kwa rangi nyekundu juu ya milango.

"Hodi!"

Mama alimwacha aseme hodi mara tatu ndipo akatoka. Nilimwona mgongo wake tu kati ya makuti, na nyuma ya yule mtu, kwa mbali, nikawaona majirani wakianza kujitokeza, mmoja kwa mmoja, bila ya kusogea.

"Asalaam alaykum, mama. Namtafuta binti mmoja." Akataja jina langu. Lilikuwa linatisha, jina langu, kwa jinsi lilivyotamkwa vizuri.

"Hapana mtu huyo hapa."

"Lakini karatasi zangu zinaonyesha namba ya nyumba hii."

"Namba wanaandika wanavyotaka wao. Mie sijui kusoma."

Si kweli. Mama anasoma Kiarabu vizuri sana, na Kiswahili akikitaka.

Yule mtu alifungua faili. Nilisikia karatasi. Akaitoa picha yangu, ile ya mandhari ya buluu niliyopigwa Mkoani, akaielekeza kwa mama. "Huyu, mama. Humjui huyu?"

Hapo mama alinaswa. Ukimkana mtoto wako kwa jina, hayo ni maneno. Lakini sura ile ilikuwa sura yake mwenyewe akiwa msichana, kila mtu husema hivyo, na yule mtu hakuwa kipofu. Aliangalia picha, akamwangalia mama, akaangalia picha tena.

"Alikuwa mwanangu," mama alisema.

"Alikuwa?"

"Kafa."

Sikulia. Nilishika ule ua kwa mikono miwili.  Majirani wale wote, walioniona jana yake nikichota maji, walisimama kimya kabisa, na mmoja wao, mzee mwenye heshima zake anayetoa adhana, akasema kwa sauti ya chini, "Mungu amrehemu." Wengine wakaitika, "Amin."

Yule mtu alifunga faili. "Innalillahi. Pole sana, mama. Sikujua. Nisamehe." Na nilisikia katika sauti yake kwamba alikuwa na huzuni ya kweli. Akageuka akaenda zake na viatu vyake vilivyolowa.

Mama aliingia uani. Alichoma ubani akanifukiza kichwa mpaka miguu, akasoma, akaomba toba kwa Mungu kwa neno alilolitamka, akatoa sadaka ya wali kwa watoto wa chuoni wanaosoma Kurani. Majirani walikuja kumpa mkono. Walisema amefanya kishujaa. Walinipigapiga mgongoni, wakacheka, wakaniita marehemu. Siku hiyo hiyo alinipakia kwenye gari kwenda kwa shangazi Wambaa, nikae huko mpaka upepo upite.

Ujumbe uliingia Wambaa, siku ya tatu, nikiwa nimekaa juu ya jiwe ufukweni ambapo mtandao unashika. Ulikuwa umeandikiwa familia yangu. Ulisema mfuko umepokea kwa masikitiko taarifa ya kifo cha binti yenu, ambaye alikuwa miongoni mwa waliochaguliwa, na mwakilishi wao alifika nyumbani kwa uhakiki wa mwisho. Ulisema huulizwa habari bila ya kutajwa sababu, ili majibu yasipangwe. Ulisema alikuwa binti mwenye kipaji na insha yake iliwagusa. Ukatoa mkono wa pole. Mwisho ukasema, ikiwa kuna hitilafu yoyote katika taarifa hii, familia iwasiliane nao ndani ya siku kumi na nne kwa kufika ofisini na mashahidi.

Nilisoma pole ya kifo changu mwenyewe, nikiwa na njaa, na samaki wa shangazi wakikaangwa nyuma yangu.

Siku kumi na nne ni nyingi. Utadhani nilikosa njia. Njia nilikuwa nayo. Ningerudi nyumbani siku ile ile, nimwambie mama yule mtu alikuwa nani. Kisha mama angelazimika kwenda mbele ya watu wa ofisi, na mwenye duka, na mzee wa adhana, wakiri mmoja baada ya mmoja kwamba walidanganya, na yeye akiri kwamba alimzika mtoto wake kwa mdomo na kwa mdomo huo huo akamnyang'anya udaktari. Nilimfikiria mama akiyasikia hayo. Nilimwona akianguka. Nikasema hapana, sitamfanyia hivyo. Siku ya kwanza nilisema nitamwambia kesho. Siku ya tano nilisema nitamngoja mwalimu. Siku ya kumi na nne niliosha vyombo vya shangazi, nikavianika, nikalala.

Mwalimu alirudi baada ya mwezi. Nikamwambia sikuchaguliwa. Akawatukana wale watu wa mfuko kwa sauti kubwa, uani kwake, na mimi nikamwacha awatukane. Mwaka uliofuata alihamishiwa kwengine.

Sasa nina kibanda cha kutoa kopi na kujaza fomu hapa Mkoani, karibu na bandari. Najaza za vitambulisho, za vyuo, za ajira, na za skolashipu. Najaza vizuri, watu hunisifu. Siku moja mwaka huu mama alikuja mjini kwa dawa ya macho, akakaa kibandani kwangu akingoja gari. Nikiwa naye, akaingia mke wa mwenye duka wa kwetu na binti yake wa mwisho, aliyemaliza kidato cha sita. Wakafunga mlango kwanza. Walikuja kwa siri, kuomba skolashipu.

Mama alifurahi sana. "Fanyeni haraka," alisema, "na msimwambie mtu. Na akija mtu na faili kumuulizia, mwambieni kafa. Mie nilisema hivyo, akaondoka mwenyewe. Na mwanangu huyu hapa, mzima!" Akanipiga begani, akacheka. Mke wa mwenye duka akacheka. Yule binti alitikisa kichwa kukubali, kama mwanafunzi anayeandika somo.

Nimeusikia mkasa huo ukisimuliwa arusini na misibani. Miaka yote nimecheka panapochekwa. Lakini yule binti alikuwa anakubali kwa kichwa, na mimi nikaiweka kalamu chini.

Nikasema, "Mama, yule mtu alikuwa wa skolashipu."

"Yupi?"

"Yule. Wa faili." Nikautafuta ujumbe kwenye simu. Sijawahi kuufuta, kila simu mpya nauhamisha. Nikausoma wote, kwa sauti, kuanzia masikitiko mpaka mashahidi. Mke wa mwenye duka aliziba mdomo kwa ncha ya kanga.

Nilingoja mama aanguke. Hakuanguka. Alikaa wima, macho yake mekundu kwa ile dawa, akaniuliza polepole.

"Walikupa siku ngapi?"

"Kumi na nne."

"Na zote ulikuwa kwa shangazi yako. Unajua."

"Najua. Nilikuwa nakuhifadhi, mama. Sikutaka uone aibu."

"Aibu?" alisema. "Aibu ya nani? Mie ningekwenda. Kwa miguu ningekwenda mpaka bandarini, nikapanda boti, nikasimama mbele yao nikasema mimi ni mwongo, mwanangu yu hai, mtazameni. Ningewachukua kijiji kizima." Akaninyooshea kidole. "Mie nilikuficha kwa mtu nisiyemjua. Wewe umenificha mimi, mama yako. Sasa niambie, kati yetu nani aliyekuzika?"

 Miaka yote nilimsamehe mama kimyakimya, nikajiona mwema kwa kumsamehe, na siku ile nilijua kwamba sikuwa na la kumsamehe.

Alisimama, akajitanda baibui lake, akachukua chupa ya dawa yake juu ya mashine ya kopi. Yule binti alisogea kumpisha. Gari ya Kengeja ilikuwa bado haijajaa, ingekaa nusu saa nyengine, lakini mama alikwenda akapanda, akakaa upande wa pili, akinipa mgongo, bila ya kuniaga.